Nyumba ya Orkoiyot ilikuwa wapi?

Leo sina vichekesho.

Juzi nilikuwa natazama video za wachimbaji wa mambo ya kale Uingereza. Pale Auckland Castle, makao ya maaskofu wa Durham, kulikuwa na kanisa la Askofu Antony Bek, la miaka kama 700 iliyopita. Lilibomolewa karne ya 17, hadi watu wakasahau liliposimama. Wakachimba, na 2020 wakatangaza wamelipata. Niliwafurahia kabisa. Halafu nikajiuliza, na sisi?

Huku Kericho na Bomet hatukuwa na askofu. Tulikuwa na Orkoiyot, wa ukoo wa Talai. Ndiye aliyebariki watu, na vijana walimwendea kabla ya vita. Kipchomber arap Koilegen, nduguye Koitalel arap Samoei wa Wanandi, aliondolewa na Waingereza 1914, akapelekwa Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, akafia huko 1916. Kisha 1934 wakatunga sheria ya kuwaondoa Talai wote. Watu wapatao 700 wakatupwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria. Waliorudi miaka ya 60, wengi hawakupata ardhi hadi leo.

Koitalel angalau ana makumbusho Nandi Hills, na fimbo zake zilirudishwa kutoka Uingereza 2006. Lakini nyumba ya Koilegen je? Mimi nimezunguka Kericho na sijaona hata kibao.

Najua mtaniambia nyumba ya udongo na nyasi haiachi kitu. Si kweli. Nguzo huacha shimo, jiko huacha majivu. Pale Hyrax Hill, Nakuru, mashimo ya Sirikwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe tu, na mpaka leo yanaonekana.

Kogo wangu hunionyesha kilima kimoja katikati ya majani chai: "Hapo ndipo walikaa wale." Siku moja nikaenda na simu yangu. Askari wa shamba akanirudisha barabarani hata sijamaliza kumsalimia.

Sisemi ting'oe chai. Chai ndiyo ilinilipia karo, hata kama chuo chenyewe niliacha. Ninachotaka ni kidogo: wazee waruhusiwe kuingia mashambani waonyeshe mahali, pawekwe jiwe lenye jina, na kaunti zetu mbili zilete wataalamu wa kuchimba. Kanisa la Bek lilingoja karne tatu kwa sababu mawe hungoja. Kwetu ramani iko kwenye vichwa vya watu wa miaka 80 na 90.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla hujanunua bando la kutazama mimi, keti na mzee wa kwenu umrekodi. Muulize shamba hilo liliitwaje kabla ya chai, na nani alikaa hapo. Halafu njoo uniandikie hapa chini. Nitasoma zote.