Spika ni ya Nani?

Mfanyakazi wa Kahama au Geita apigaye gitaa jioni kwa mapenzi tu, asiyeishi kwa muziki, akitia fedha zake katika spika mpya, amplifaya na kinanda, hushtakiwa na pande mbili. Nyumbani huambiwa kwamba fedha hizo zingeezeka nyumba au zingenunua ng'ombe, na katika nchi ya Wasukuma ng'ombe si hoja ya mzaha. Huko mbali, walinzi wa utamaduni humlaumu kwa kuua ngoma ya jadi: eti zeze linatosha, eti ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Naye, kwa haya, hujitetea vibaya. Hudai kwamba vyombo vitajilipa kwa kukodishwa harusini. Utetezi huo ni dhaifu, tena si wa kweli, kwani sicho kilichompeleka dukani.

Wanaomtaka abaki na zeze wangejiuliza kwanza ngoma ya Wasukuma ni kitu gani. Kwa vizazi kadhaa vyama viwili, Bagika na Bagalu, vimeshindana baada ya mavuno, vikicheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Ndivyo inavyoonekana Bujora, karibu na Mwanza, katika sherehe za Bulabo za mwezi Juni. Ndiyo sababu wachezaji wakaingia uwanjani na chatu, wakatafuta dawa za mvuto, wakabuni hila mpya za kumtoa mtazamaji upande wa pili. Hila ndiyo jadi yenyewe. Ni ajabu chatu akubaliwe kuwa utamaduni, na spika iitwe uharibifu.

Lawama hiyo ikitoka pwani huchekesha zaidi. Kanuni ya taarab haikuota chini ya mnazi. Masimulizi yanayokubalika Unguja ni kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohammed Ibrahim nchini Misri kujifunza kuipiga. Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kwa ajili ya mashine ya kunasa sauti, wala hakuna leo asemaye kwamba santuri ziliua mashairi yake.

Lakini shauri kubwa limo katika mkono unaomiliki chombo. Baada ya uhuru bendi nyingi za Tanzania zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Jeshi na polisi nao wakawa na zao. Mwanamuziki alipata mshahara, na hilo si dogo; nyimbo bora zilitoka humo, na si haki kuzibeza. Hata hivyo gitaa halikuwa lake. Alipoondoka, aliondoka na vidole vyake tu, na mwenye gitaa alikuwa na kauli katika kile kilichoimbwa.

Kanda ya dhahabu haijakosa wenye spika. Wanazo wagombea wakati wa kampeni, wanazo makampuni, wanazo wenye baa. Na mambo ya kuimba yapo tele. Bulyanhulu, wachimbaji wadogo waliondolewa katika mashimo yao mwaka 1996, na mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya ule wa Geita. Nani atazitunga habari za aina hiyo, kisha aziimbe kwa spika aliyoazimwa na mwenye mali? Pwani husema nguo ya kuazima haisitiri. Sauti ya kuazima husitiri kupita kiasi, humfunika mwimbaji mpaka kinywani.

Lawama moja inamstahili mnunuzi huyu, nayo walinzi wa utamaduni hawaitaji. Akishapata spika yake akazidi kumsifu tajiri yule yule kwa beti zile zile zilizolegea vina, basi amenunua kelele, na ng'ombe angefaa zaidi. Chombo kipya hakimtungii mtu shairi. Huufikisha ubovu mbali zaidi.

Ila aliye na utungo asiogope kuulizwa. Nyumbani aache habari ya harusi. Aseme kwamba ana wimbo ambao mwenye baa hatamruhusu kuuimba, na kwamba bati zitangoja mavuno yajayo.