Kodi moja, daftari mbili: jina lako linaenda wapi?

Leo naongea na nyinyi mnaoandika kodi (si ile ya mwenye nyumba) na kuishi kwa vibarua vya mtandaoni.

Msimamo wangu: timu ikiweka kodi moja kwa mifumo miwili na watu waandike pande zote mbili, wa kwanza kuumia ni yule mdogo kwa timu. Na mdogo huyo mara nyingi ni sisi, tunaofanya kazi kutoka bedsita hapa Gakoromone, Makutano ama Embu.

Fikiria chama cha wamama wa soko. Mweka hazina ana daftari lake, katibu ana lake. Mmoja analipa kwa huyu, mwingine anakopa kwa yule, na mwisho wa mwezi hesabu hazishikani. Hakuna mwizi hapo. Shida ni daftari mbili.

Sasa Subversion na Git hata hazihesabu sawa. Subversion, iliyoanza 2000, inapatia kila badiliko nambari kwa foleni kutoka seva moja: 101, 102, 103. Git, aliyoianzisha Linus Torvalds 2005, haina foleni. Kila komiti ina alama ndefu ya herufi na tarakimu 40, inayotokana na kazi yenyewe, jina la mwandishi, saa, na komiti iliyotangulia. Guza kitu kimoja, alama inabadilika, pamoja na za komiti zote zinazofuata.

Kuna daraja linaitwa git svn. Linasaidia, sikatai. Lakini ukituma kazi upande wa Subversion, komiti zako zinaandikwa upya. Mwenzako aliyejenga juu ya zile za kwanza anabaki ameshangaa. Mbaya zaidi, msipopanga mapema, zinaingia kwa jina la mwenye akaunti iliyotuma. Umekesha wiki mbili na bando ya kukopa, jina linasoma la mkubwa wa timu.

"Si ni jina tu?" Zii. Mimi niliacha chuo, sina cheti cha kuonyesha mtu. Historia ya komiti ndiyo cheti changu. Ukiifuta, umenirudisha fomu wani.

Najua wengine watasema mteja ana mitambo yake ya miaka mingi, hawezi kuhama. Lakini OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza 2004 na kutumika mapema pale Eldoret chini ya AMPATH, ulikuwa kwa Subversion na ukahamia Git. KenyaEMR imejengwa juu yake. Kama kodi ya hospitali ilihama, duka la mtandaoni litashindwaje?

Na kama mteja amekataa kabisa, dai mambo mawili. Moja, upande mmoja pekee ndio uandikwe, ule mwingine uwe wa kusoma tu. Mbili, anayetuma atumie --add-author-from ili jina lako liandikwe ndani ya ujumbe wa komiti, na anayevuta atumie --use-log-author ili lisomwe upande wa Git.

Uliza hayo kabla ya kukubali kibarua, si siku ya kudai pesa. Pesa inaisha wikendi moja. Jina ndilo litakuletea kibarua kingine.