Lugha ya Mtoto Katika Darasa la Awali: Nani Amsaidie Mwalimu?

Katika mjadala wa lugha ya kufundishia nchini Tanzania, macho ya wanaisimu yameelekezwa zaidi kwenye shule ya sekondari, mahali ambapo Kiswahili hukabidhi nafasi yake kwa Kiingereza. Upo mpito mwingine unaotangulia huo kwa miaka mingi, nao umepata wachunguzi wachache. Kila Januari, watoto wa miaka minne na mitano huingia darasa la awali, na wengi wao, hasa vijijini, hukutana hapo na Kiswahili cha shule kwa mara ya kwanza. Anayewapokea ni mwalimu ambaye, apende asipende, ni mwalimu wa lugha kabla hajawa mwalimu wa jambo jingine lolote. Msaada anaopewa haumtambui hivyo.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi. Ile ya 2014 ikaifanya ya lazima, na toleo lake la 2023 likaendelea na mwaka mmoja wa lazima. Tangu 2016, elimu bila ada imeleta watoto wengi ambao zamani wangebaki nyumbani. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na madarasa mengi ya shule za serikali yamekivuka mno. Mwalimu mwenye watoto mara tatu ya idadi hiyo hapati nafasi ya kumsikiliza mmoja mmoja, na lugha ya mtoto haijulikani ila kwa kusikilizwa.

Tuchukue mfano wa mtoto wa Kwimba ambaye nyumbani husema Kisukuma tu. Lugha yake ina irabu saba, ina toni, na haina sauti /r/. Akisema "lafiki", au akishindwa kutofautisha "kalamu" na "karamu", hakosei ovyo: anafuata fonolojia anayoijua, tena kwa utaratibu usioyumba. Mwalimu asiyeelezwa hivyo huiona hali hiyo kuwa uzito wa ulimi, au mbaya zaidi, uzito wa akili. Kwa upande wa upatanisho wa kisarufi, mtoto huyohuyo ana mtaji mkubwa. Sentensi kama "kiti kile kimevunjika" haimshangazi, kwa kuwa lugha yake nayo hupatanisha maneno kwa ngeli.

Mwenzake wa Mbulu anayesema Kiiraqw yuko katika hali tofauti kabisa. Lugha yake ni ya Kikushi, nayo huainisha nomino kwa jinsi, si kwa ngeli za Kibantu. Kwa mtoto huyo, lile "ki" linalojirudia mara tatu ni jambo geni, na hulizoea kwa kulisikia mara nyingi katika mazungumzo yenye maana. Walimu wa Kwimba na Mbulu hutumia muhtasari mmoja; kazi zao si moja.

Badala ya mazungumzo, mwalimu husukumwa kwenye herufi. Mzazi hudai kuona daftari lililoandikwa, na mwalimu mkuu hutaka watoto wafike darasa la kwanza wakiwa tayari kwa KKK. Basi darasa zima huimba "ba, be, bi, bo, bu". Njia ya silabi yenyewe haina ubaya. Inaafiki sana lugha ambayo silabi zake nyingi ni huru. Lakini silabi humsaidia mtoto kulifikia neno analolijua tayari. Anayesoma "kisima" bila kosa wala kujua maana yake ametoa sauti tu.

Uandikishaji wa mwaka ujao unatoa nafasi ya kuanza na jambo dogo. Mzazi aulizwe lugha gani husemwa na mtoto nyumbani, na jibu lifike kwa mwalimu wa darasa kabla ya muhula kufunguliwa. Watakuwapo watakaosema kwamba hilo linarudisha ukabila kwa mlango wa nyuma. Hofu hiyo haifai kubezwa katika nchi ambayo sensa yake ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967. Lakini kinachoulizwa hapa ni lugha, si nasaba. Mtoto wa Kisukuma aliyekulia Temeke pengine hajui hata salamu ya Kisukuma. Tena jibu lenyewe libaki katika daftari la mwalimu, lisipelekwe popote kwa ajili ya takwimu.

Hatua ya pili inazihusu idara za Kiswahili zenyewe, ambazo deni lao ni la muda mrefu. Rafu za tasnifu zimejaa uchambuzi wa fonolojia na mofolojia za lugha za jamii, na kiasi kikubwa cha ujuzi huo hakijawahi kumfikia mwalimu hata mmoja wa awali. Mwanafunzi wa uzamili anayechunguza lugha fulani angeweza kutakiwa, pamoja na tasnifu yake, kuandaa kijitabu cha kurasa nne kwa Kiswahili chepesi: sauti zipi zitamsumbua mtoto wa lugha hiyo, miundo ipi ataiona kuwa ya kwake, na maneno yapi yanafanana kwa umbo lakini yanatofautiana kwa maana. Kijitabu hicho kisomwe kwanza na walimu watatu au wanne wa eneo husika, wakirekebishe, ndipo kipelekwe kwa Afisa Elimu Kata kabla ya Januari.