Mionzi ya Simu: Wananchi Wapewe Vipimo

Unaposimamishwa mnara mpya wa simu, Unguja au Pemba, wapo wananchi wanaouliza kama mionzi yake haitaharibu mbegu za uzazi na kuwarithisha maradhi watoto ambao bado hawajazaliwa. Sisi hatuoni kuwa waulizao hayo ni watu wa kubezwa. Mzazi anayehofia kizazi chake anastahili kujibiwa.

Elimu iliyopo yasema hivi. Mionzi ya eksirei ina nguvu za kukata nyuzi za urithi zilizomo mwilini. Ya simu haina nguvu hizo, na athari yake iliyothibitishwa ni kupasha mwili joto. Hata hivyo, mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitia katika kundi la mambo ambayo huenda yakaleta saratani. Mwaka 2018 Marekani ilitangaza kuwa panya dume waliopigwa mionzi mikali mwili mzima, saa 9 kwa siku hadi miaka miwili, walipata uvimbe wa moyo. Lakini panya hao hao waliishi zaidi kuliko wenzao wasiopigwa. Mwaka 2024 mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani hayakuona uhusiano baina ya simu na saratani ya ubongo. Kwa ufupi, madhara ya kurithiwa hayajathibitishwa kwa binadamu, wala uchunguzi haujafungwa.

Aidha, simu iliyo sikioni humpa mtu mionzi mingi kuliko mnara ulio mbali, na mawasiliano yakiwa dhaifu, simu huongeza nguvu zake. Hivyo kuukataa mnara si lazima kuwe ndiyo kinga.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa Serikali. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye dhamana ya kudhibiti mionzi, ipime minara iliyo karibu na makazi na skuli, na vipimo vibandikwe katika ofisi za masheha, kwa Kiswahili, sambamba na kiwango cha usalama kinachokubalika. Kipimo kinachobaki katika majalada hakimwondolei mwananchi hofu.

Nao wananchi wafupishe mazungumzo, waiweke simu mbali na sikio inapowezekana, na wasiiache chini ya mto wa mtoto aliyelala. Tahadhari kabla ya hatari.