Tarehe zenyewe zinagombana

Mwandishi, nimekusoma nikiwa hapa Kamembe, na mengi nakubali, ila pale uliposema mwaka wa kwanza wa historia ni kukariri tarehe, hapana. Sisi chuoni kule Huye tulipewa tarehe zinazogombana! Padri Alexis Kagame anaurudisha mwanzo wa ufalme wa Wanyiginya hapa Rwanda nyuma karne nyingi. Mwanahistoria Jan Vansina, katika kitabu chake cha 2001, anasema ni karne ya 17. Kazi yako kama mwanafunzi ni kueleza kila mmoja kaipataje hesabu yake. Mimi kilichonishika ni kitabu cha Catharine Newbury cha 1988 kuhusu Kinyaga, yaani hukuhuku kwetu Rusizi, na namna uburetwa, ile kazi ya lazima kwa machifu, ulivyowabana wakulima. Nilipomweleza bibi yangu jikoni, akaanza kunitajia vilima kimoja kimoja na nani alimlimia nani, hata maharage yakaungua. Na wewe ndugu uliyeuliza kuhusu ajira hapo juu: wengi wetu tuliosoma historia tunafundisha sekondari, ofisi za Kigali usizihesabu bado. Lakini Kifaransa anza sasa hivi, maana bila hicho nusu ya maktaba imefungwa.