Tulinusuru Lambo Letu Kabla ya Mvua

Wazee wetu, akina mama na vijana wenzangu wa huku Shinyanga,

Lambo letu linajaa tope. Nendeni ukingoni alfajiri mkaone: mama anasukuma kinyesi cha ng'ombe kwa kiganja ndipo achote dumu lake, na hatua chache pembeni mifugo imezama hadi tumboni. Watoto wanaogelea humo humo, kwenye magugu yenye konokono wa kichocho. Mkojo wa mgonjwa mmoja ukiingia majini, ugonjwa huzaliana ndani ya konokono hao, kisha huwaingia wengine kupitia ngozi. Maji hayo ndiyo tunayokunywa, mara nyingi bila kuyachemsha.

Tope linatoka juu, kwenye mashamba ya pamba na mahindi tuliyoyasogeza hadi ukingoni, na kwenye vichaka tulivyofyeka kwa ajili ya mkaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tukae mita 60 kutoka kwenye maji. Najua kuna familia zinazolima humo na hazina pengine pa kulima. Serikali ya kijiji iwapatie eneo kabla ya msimu. Kuwafukuza hivi hivi ni dhuluma, nami sitaiunga mkono.

Kurudisha uoto tunakuweza. Mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI ulipoanza 1986, ardhi ya mkoa huu ilikuwa imebaki tupu sehemu nyingi. Wazee wakafufua ngitili, yale malisho ya akiba ya jadi, mifugo ikazuiwa, miti ikachipua yenyewe kutoka kwenye visiki. Tukitenga ngitili moja hapo juu ya lambo, itazuia udongo kuliko makoleo yetu yote.

Kwa hiyo Jumamosi hii tufanye msaragambo. Tuanze na uzio wa minyaa, maana vipande vyake vinashika hata pakavu. Wakataji wajihadhari, utomvu wake unaumiza macho vibaya. Kwenye tuta tupande nyasi tu. Mizizi ya miti ikioza humo huacha njia ya maji kuvuja. Kisha tujenge mbauti upande wa chini wa tuta, maji yafike kwa bomba, ng'ombe wanywe huko. Saruji itahitaji fedha, na kamati ya maji itusomee hesabu zake hadharani kabla hatujachangishana.

Tukutane tutani saa moja asubuhi. Mwenye panga, jembe au karai aje nalo, na wenye mikokoteni ya punda wapitie minyaa njiani.