Duka Lina Kinga, Chumba cha Watoto Hakina

Mama mmoja wa Mishomoroni, Kisauni, alirudi kutoka kibaruani akakuta karatasi imebandikwa mlangoni: chumba kinatakiwa, mwisho wa mwezi awe ametoka. Hadaiwi hata shilingi. Majirani wanasema kosa lake ni kulalamika, tena mara ya pili, kuhusu choo kinachofurika uani. Nyumba yenyewe ni ya vyumba sita, ukumbi katikati, na mbele kando ya baraza pana duka la unga na mafuta. Mwenye duka naye ni mpangaji wa landilodi huyohuyo. Yeye hatolewi kwa karatasi ya namna ile, na sheria inayomlinda ndiyo aliyonyimwa huyu mama. Huo ni uonevu, na Bunge linaujua.

Sura ya 301 ya sheria za Kenya, ya tangu 1965, humlinda mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka 5. Landilodi akitaka atoke, sharti ampe notisi rasmi ya miezi isiyopungua miwili, aandike sababu, na sababu iwe miongoni mwa zile zilizoorodheshwa. Kulalamikia choo hakumo. Mwenye duka akiwahi kupeleka pingamizi mbele ya baraza la kodi za biashara, notisi husimama hadi uamuzi utoke.

Wa chumbani naye aliwekewa sheria, Sura ya 296, na si mbaya. Inamtaka landilodi apate kwanza amri ya baraza la kodi za nyumba ndipo amtoe mtu, na kumsumbua mpangaji makusudi ili ahame ni kosa la jinai. Lakini inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kipimo chake ni kodi ya Januari 1, 1981. Elfu mbili na mia tano! Likoni, Kisauni au Changamwe vimebaki vyumba vichache vya udongo kwa bei hiyo. Chumba chenye stima na maji kiliuvuka mpaka huo zamani. Hakuna aliyesimama bungeni kusema wapangaji wa Kenya wavuliwe kinga. Bei zilipanda, tarakimu ikaachwa palepale, na kinga ikawatoka kimyakimya.

Aliyeuvuka mpaka huo huangukia Sheria ya Ardhi ya 2012. Mkataba ukiisha na landilodi akaendelea kupokea kodi kwa miezi miwili, mnahesabiwa kuwa katika upangaji wa mwezi kwa mwezi. Kuuvunja ni notisi ya mwezi mmoja inayoishia siku ya kulipa kodi. Sababu haiulizwi. Kwa hiyo kibarua wa bandarini aliyepanga Chaani miaka kumi, watoto wakiwa shule ya jirani, hana uhakika wa kulala pale zaidi ya siku 30, na anajua akidai bomba litengenezwe atazipoteza hata hizo.

Wenye nyumba wanasema wana mikopo ya benki, na kwamba wapo wapangaji wanaohama usiku na deni. Ni kweli wapo. Lakini kutolipa kodi ni sababu halali ya kumtoa mtu hata chini ya sheria ya maduka. Wanasema pia sheria kali itawafukuza wajenzi. Mbona ghorofa zinazoota Bamburi na Mikindani zina maduka chini, wakati duka ndilo lenye sheria kali?

Mswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa 2021 ulikusudia kuunganisha sheria hizi. Muhula wa Bunge ukaisha 2022 bila kuupitisha. Nimechoka kuambiwa jambo hili ni gumu. Lugha ya kumlinda mpangaji imo tayari katika Sura ya 301, majaji wameizoea. Kinachotakiwa ni kuifikisha hadi chumba cha nyuma: sababu ya maandishi, miezi miwili, na haki ya kusikilizwa kabla ya kutolewa.

Wabunge wa Likoni, Kisauni na Changamwe, wengi waliowapigia kura wanalala katika vyumba hivyo. Leteni mswada mwingine, na mara hii ile 2,500 iondolewe kabisa.